Nililipwa Elfu Nane Nisipige Gitaa

Kwa simu yangu kuna watu kumi na mmoja wanaoitwa Kinanda. Kuna Kinanda Umoja, Kinanda Kayole, Kinanda Mrefu, na kuna mmoja nimemhifadhi kama Kinanda Usimlipe Mapema. Sisi wanamuziki wa kukodishwa hapa Nairobi ndivyo tunavyojuana. Jina ulilopewa na mama yako halina kazi saa nne usiku mtu akitafuta wa kuziba pengo la kesho. Mimi ni Besi. Siku tulipomzika mzee wangu nilipata ujumbe umeandikwa, "Pole sana Besi kwa kumpoteza baba." Nililia, nikacheka, nikarudi kulia.

Natanguliza haya ili ujue mimi sina shida na utani. Kikundi chetu cha WhatsApp kina watu watano na hakuna siku inaisha bila mtu kuvuliwa nguo. Mpiga drami anaambiwa hawezi kuhesabu mshahara wake kwa sababu akifika nne anaanza tena moja. Wa solo anaambiwa sauti ya gitaa lake ina kitufe kimoja tu, cha kuongeza. Mimi naambiwa mpiga besi ni mtu ambaye watu hugundua alikuwepo siku asipokuja. Na hiyo, kusema ukweli, ni sifa. Nimeishi nayo miaka saba.

Wa kinanda ndiye tunamuonea zaidi, na anastahili. Wapiga kinanda wengi hapa kwetu walijifunzia kanisani, na kanisani mtu hujua kupiga vizuri mahali pamoja, basi. Ukimwambia wimbo uko juu kidogo, vidole vyake haviendi popote. Anabonyeza kile kitufe cha kuhamisha sauti, anaendelea kupiga palepale alipozoea, mashine inamfanyia hesabu. Hakuna ubaya. Shida ni kwamba anasahau kurudisha. Wimbo unaofuata unaanza kwa mbwembwe, sisi wote tuko G, yeye yuko mtaa mwingine kabisa, na uso wake umetulia kama mtu anayengoja matatu. Tulifanya hivyo bibi harusi akiwa anaingia. Video ipo. Bibi harusi anaonekana akisimama kidogo, kama aliyesikia ajali.

Na kila mwanamuziki ana orodha yake ya mambo yanayomchemsha damu. Yangu nitakupa haraka kwa sababu sikujia hayo.

Mwimbaji anayeanza wimbo bila kutuambia anaanzia wapi. Unamuuliza, "Kii gani?" Anakuambia, "Wewe nitafute tu." Nikutafute kwani umepotea? Sasa besi, kinanda na solo wote wanapapasa gizani, kila mmoja anagusa noti yake, na watu wanadhani ndiyo mtindo. Halafu ukimpata, anakuwa ameshahama.

Mgeni anayekuja mbele ya jukwaa katikati ya wimbo kuomba wimbo. "Pigeni ile ya Franco." Ipi? "Ile ndefu." Mzee, zote ni ndefu! "Mario" peke yake inapita dakika kumi na bado mwanamume hajamalizwa kusemwa.

Mjomba anayejua kuimba. Kila ukoo unaye. Akishapewa maiki hairudi bila kikao cha wazee.

Chakula. Sijui nani aliamua kwamba wanamuziki na watu wa hema wanakula mwisho. Umesimama tangu saa mbili asubuhi, umewachezesha mpaka shosho wa miaka themanini amevua viatu, halafu saa kumi na moja unaitwa nyuma ya jiko unapewa wali wa chini ya sufuria na mchuzi ambao nyama iliupitia tu ikienda kwingine. Lakini MC ameketi na kamati.

Na malipo ya "mtajulikana". Hapo sina utani hata kidogo. Mwenye nyumba wangu hajawahi kukubali kujulikana kwangu kama kodi ya nyumba.

Hayo yote tunayacheka. Tunayaandika kwa kikundi usiku tukirudi, vyombo vimepakatwa kwa matatu ya mwisho, na kucheka ndiko kunatufanya tuamke kesho twende tena. Kuna jambo moja tu ambalo tumekuwa tukilicheka na mimi sitalicheka tena. Ndilo limeniandikisha leo, na niseme mapema kwamba mshtakiwa wa kwanza ni mimi.

Desemba moja nilipigiwa simu na mratibu wa sherehe. Kampuni fulani ilikuwa inafunga mwaka hotelini, na wamemleta msanii ambaye wewe unamjua na huenda unampenda, kwa hivyo simtaji. Anataka bendi nyuma yake. "Njoo na besi, njoo na yule jamaa wenu wa drami." Nikauliza mazoezi ni lini. Kimya kidogo, halafu akacheka. "Hakuna mazoezi, bro. Vaa nyeusi tu." Nikauliza kuhusu amplifaya, nibebe au ipo. "Amplifaya ya nini?"

Hapo nilielewa. Nikauliza pesa ngapi. Elfu nane, dakika ishirini. Mimi harusini napata elfu nne kwa siku nzima, pamoja na ule wali. Nikasema sawa.

Mpiga drami wetu sikumwambia kila kitu. Nilimwambia kuna kazi, ni nyepesi, hakuna mazoezi. Hilo ni kosa langu na nalijua.

Tulifika. Jukwaa zuri, taa za kila rangi, drami zimewekwa tayari juu ya kiinuko. Yeye kama kawaida akatoa matoazi yake kwa mfuko, akaanza kuyafunga. Nyinyi msiojua, mpiga drami aliye serious anaweza kupigia ngoma za mtu yeyote, lakini matoazi hubeba yake. Huyu alinunua yake moja moja, miaka mitatu, kila moja na hadithi yake ya kulala njaa. Alipomaliza kufunga, fundi wa mitambo akaja akamwambia kwa upole asijisumbue. Muziki uko kwa flashi, sauti ya msanii pia iko kwa flashi, yote. Yeye kazi yake ni kurusha fimbo juu juu, asiguse. Drami bwana, ukigusa inalia, na ikilia itagongana na ile ya flashi.

Akanigeukia mimi. Mimi nilikuwa nimeshavaa gitaa langu, waya haupo. Alitazama pale ambapo waya huwa unaingia. Akatazama uso wangu.

"Ulikuwa unajua?"

Sikumjibu. Akafungua matoazi moja moja, akayafuta kwa kitambaa jinsi anavyofanya kila siku, akayarudisha kwa mfuko. Akasema, "Mimi si mdoli wa dukani," akashuka, akaenda zake stejini kupanda matatu.

Sasa ni nani atakaa kwenye drami? Mratibu akaangaza macho huku na huku. Kulikuwa na dereva wa lori lililoleta spika, kijana mwenye umbo zuri, amekaa kwa kreti anakula mahindi. Akapewa shati jeusi. Akaambiwa atikise kichwa na arushe mikono.

Nakuambia hivi, jamaa alitisha! Alirusha fimbo, akatikisa kichwa, akafumba macho kwenye zile sehemu za huzuni. Msanii aliingia akiruka, maiki mkononi, na wimbo wa pili maiki ikamteleza ikaanguka, na sauti yake ikaendelea kuimba vizuri tu bila yeye. Watu wakashangilia. Mimi niko pale kando, nabonyeza nyuzi ambazo mimi peke yangu ndiye ninazisikia, tik tik tik, kama mtu anayekuna kucha. Jambo la aibu ni kwamba nilijikuta napiga noti sahihi. Vidole vilikataa kudanganya hata nilipokuwa nimelipwa vidanganye.

Tulipomaliza, bosi mmoja wa ile kampuni alikuja nyuma ya jukwaa, akapita mbele yangu, akamshika dereva wa lori mkono. "Kijana, wewe unapiga drami. Hongera sana." Dereva akasema asante.

Na pesa? Ziliingia M-Pesa kabla sijafika nyumbani. Katika miaka saba ya muziki, hiyo ndiyo kazi pekee niliyowahi kulipwa usiku uleule. Harusi nimewahi kudai mpaka mtoto akazaliwa.

Nilipoandika hii hadithi kwa kikundi tulicheka wiki nzima. Dereva akapewa jina, akawa Profesa wa Drami. Hata yeye aliyeondoka aliweka vile vikaragosi vya kucheka machozi. Nikaona basi, yameisha.

Wacha sasa nipigane na wale wanaotetea huu mchezo, maana nawajua na wengine ni marafiki zangu.

Wa kwanza ni mwandalizi. Atakuambia ana wasanii wanne usiku mmoja, kila mmoja dakika ishirini, na hakuna namna ya kufunga bendi nne na kuzifungua. Ni kweli kabisa. Kupima sauti ya bendi moja vizuri kunakula saa nzima. Lakini ndugu, nani amekuambia lazima iwe bendi nzima? Mpe msanii gitaa moja na ngoma ya mkono. Mpe kinanda tu. Akishindwa kuimba wimbo wake mwenyewe juu ya gitaa moja, basi tujue hivyo, si siri ya serikali. Isitoshe, kama huna nafasi ya bendi, kwa nini unatuita tuvae nyeusi? Wewe unataka sura ya bendi. Unajua watu wanaheshimu bendi, unataka ile heshima bila gharama yake. Huko ni kuvaa medali ya mtu mwingine.

Wa pili ni msanii. Anasema anacheza densi jukwaani, huwezi kuruka na kuimba bila kuhema. Hilo pia namkubalia nusu. Weka sauti za kuitikia kwa flashi, weka vinanda, weka tarumbeta ambazo huna pesa za kuleta. Sina neno. Mtu wa rapu akighani juu ya biti yake, huyo anafanya kazi yake sawasawa, biti ndiyo chombo chake. Hata zile programu za kunyoosha sauti sizichukii. Yule aliyetengeneza Auto-Tune, ikatoka 1997, alikuwa mhandisi aliyetoka kwenye kazi ya kusoma mitetemo ya ardhi kutafuta mafuta. Mtu anatafuta mafuta chini ya ardhi anaishia kutafuta noti iliyokosewa kooni. Mimi hiyo nashangaa tu na kuipigia makofi. Ninachotaka ni kimoja: maiki iwe imewashwa. Hema. Kosea. Sahau mstari, tukuimbie sisi.

Wa tatu ndiye mgumu, naye ni wewe. Utaniambia, "Besi, watu hawajali. Wanataka kumuona msanii na kupiga picha." Na ushahidi wako ni dereva wa lori. Hakuna aliyegundua.

Nimefikiria hilo kwa muda mrefu. Nadhani wewe na mimi tunaliona kinyume. Watu hawakugundua kwa sababu tumewafundisha wasitazame. Ukimlisha mtu sosi ya chupa miaka kumi, siku ukimletea nyanya atasema imeharibika. Nimeshaambiwa baada ya shoo ya kweli kabisa, tumechomeka kila kitu, kwamba "haikusikika kama kwa redio". Ndiyo, mama. Hatukuwa kwa redio. Tulikuwa mbele yako.

Halafu si kweli kwamba Wakenya hawajali. Nenda baa yoyote ya mugithi usiku wa Jumamosi. Mtu mmoja, gitaa moja, anaunganisha nyimbo mpaka asubuhi, na watu wameshikana viuno wamejipanga kama behewa za treni. Yule jamaa akisikia meza ya kona imechangamka anaigeukia. Akiona usingizi unaingia anabadilisha mwendo. Jaribu kumfanya flashi agundue kwamba meza ya kona imelala.

Au shuka Pwani. Kwenye taarabu kuna kutuza. Mwimbaji anafika kwenye mstari fulani, mama mmoja pale nyuma unamchoma moyo, kwa sababu zake anazozijua yeye na labda jirani yake, anainuka na noti yake, anatembea polepole akicheza mpaka mbele, anaitoa. Mwimbaji anamuona. Anaurudia ule mstari, sasa ukiwa na mwenyewe. Ukumbi wote unajua kuna mtu ameambiwa jambo. Hiyo ndiyo muziki wa jukwaani unafanya ambayo redio haiwezi. Unakujibu. Sasa mlete huyo mama mbele ya msanii wa flashi. Atatuza nini? Wimbo umeshaupita mstari wake, hauna breki, hauna macho.

Na hii nchi haikujengwa hivyo kimuziki. Them Mushrooms walikuwa bendi ya kupiga mahotelini Pwani, wageni wanaingia na kutoka, na "Jambo Bwana" ya 1982 imetoka katika kazi hiyohiyo ya kumkaribisha mgeni. Ni watu waliokuwa kazini. Les Wanyika ilipojitenga na Simba Wanyika 1978, watu hawakuwafuata kwa sababu ya shati. Sikiliza "Sina Makosa" leo usiku ukiwa umevaa visikizi. Sikiliza ridhimu ya Omar Shabani inavyosuka bila kukimbia, halafu uteremke chini umsikilize Tommy Malanga kwa besi. Mimi nilianza kupiga besi kwa sababu ya huyo mtu. Nilikuwa kwa matatu, spika za matatu ziko chini ya kiti, ile besi ikanipanda kwa miguu. Besi ile inazungumza na gitaa, inangoja, inajibu. Watu wawili wanasikilizana. Huwezi kuipata kwa kuwaambia wavae nyeusi.

Kulikuwa na wale vijana wawili, Milli Vanilli. Mwaka 1989 wakiwa jukwaani mkanda ukakwama ukawa unarudia kipande kimoja cha mstari, mmoja akashindwa akakimbia. Baadaye ikajulikana sauti kwenye albamu si zao kabisa, na 1990 wakanyang'anywa Grammy. Najua wa kwetu sauti ni yao, walirekodi wenyewe. Lakini tazama tofauti ya aibu. Wale mkanda ulipokwama walikimbia. Wetu maiki ikianguka na sauti ikaendelea, tunashangilia.

Sasa wanamuziki wenzangu, msianze kupiga makofi, nakuja kwenu.

Sisi ndio tuliwapa waandalizi sababu. Mtu anaambiwa saa tatu anafika saa sita na hadithi ya Thika Road. Mtu ana kazi tatu siku moja, anaiacha bendi ya pili katikati akimbilie ya tatu, gitaa liko begani na boda inanguruma nje. Tunafunga vyombo nusu saa, tunapima sauti kwa kupiga wimbo mzima kwa raha zetu wageni wakiwa wameziba masikio. Wa solo anaongeza sauti, wa kinanda anamjibu, mpiga drami anachukua kama vita, na mwimbaji pale mbele anafungua mdomo kama samaki. Mama wa bwana harusi anakuja kuomba tupunguze, tunapunguza nyimbo mbili. Flashi inafika kwa wakati. Flashi haiulizi chakula, haiombi nauli ya kurudi, haijawahi kulewa kabla ya keki. Mwandalizi aliyeumwa na sisi mara tatu akihamia kwa flashi simlaumu sana. Ninamlaumu anapotuita tena tuje tuwe mapazia.

Na ninatulaumu sisi tunaokubali. Kila elfu nane ya kutopiga inashusha elfu nne ya kupiga. Fikiria hesabu ya mwandalizi. Kama dereva wa lori anaweza, kwa nini amlipe mtu aliyejifunza miaka kumi? Tumemuonyesha wenyewe kwamba kazi yetu inafanyika bila ujuzi. Mwaka 2020, mwezi wa tatu, mabaa na mikutano vilipofungwa kwa sababu ya corona, tulilia kila mahali kwamba muziki ni kazi kama kazi nyingine, kwamba tunalisha familia. Wengi waliuza vyombo ule mwaka na hawakurudi. Tuliosalia tukarudi kuvaa nyeusi.

Ninachotaka si kikubwa. Bango la shoo liseme kama kuna bendi inayopiga au kuna msanii na flashi. Mnunuzi wa maziwa anasomewa kilichomo ndani ya pakiti. Mnunuzi wa tiketi pia amelipa. Kama ni flashi, sawa, weka bei ya flashi, na jukwaani pasiwe na gitaa lisilo na waya. Kamati za harusi, mkituita ulizeni swali moja tu, "Mtachomeka?" Na mwanamuziki mwenzangu, ukiambiwa usibebe amplifaya, jua umeitwa kama maua. Maua yana bei yake mjini, na yanauzwa na watu wa maua.

Januari iliyofuata, mpiga drami wetu aliweka picha kwa kikundi. Matoazi yake yote manne yamepangwa juu ya kitanda, yamefutwa yanang'aa. Chini ameandika: "Yanauzwa. Mmiliki mmoja. Hayajawahi kudanganya mtu."

Tulicheka. Mimi niliweka vikaragosi vitano. Wa solo akauliza kama Profesa wa Drami ana haja nayo. Ilichukua siku mbili nzima ndipo niliona kwamba bei ilikuwa imeandikwa, na namba ya simu, na kwamba mtu haweki namba ya simu kwa utani wa watu watano wanaojuana.

Nikampigia. Karo ya mtoto. Desemba haikuwa na kazi nyingi, na ile ya hoteli ndiyo alikuwa ameitegemea, dakika ishirini zile, kabla hajajua ni za nini. Matoazi matatu yalikuwa yameshaenda. Siku hizi anasafirisha mizigo kwa boda, drami za shule alikokuwa akifundisha Jumamosi amemwachia kijana mwingine.

Nilimtumia elfu nne. Sikuandika chochote, niliona ni nusu yangu, ajue mwenyewe. Baada ya dakika kumi simu ikalia. Zimerudi zote elfu nne, amelipia yeye gharama ya kutuma. Halafu ujumbe ukafuata: "Hizo ni za dereva wa lori."

Sasa kuna harusi Kitengela Jumamosi ijayo. Bibi harusi ni mwalimu, amepiga simu mwenyewe, na swali lake la kwanza lilikuwa kama tunapiga kweli. Nimemuomba mpiga drami aje. Toazi lililobaki anabeba, mengine nimemkopea kanisani kwa Kinanda Mrefu, ambaye ameapa atarudisha kile kitufe chake kila baada ya wimbo. Jamaa amekubali kuja lakini amesema waya wa besi atauchomeka yeye kwa mkono wake, na atauvuta kidogo kuhakikisha.

Nimemwambia tunafika saa moja asubuhi. Kazi inaanza saa nne.